Gari Lililosimama Mtoni

Vuta kiti karibu, maana leo safari ni ndefu: tunakwenda kaunti ya Suffolk, mashariki mwa Uingereza. Lakini nanga tutaing'olea Tanga.

Mjomba wangu alikuwa fundi wa majahazi. Katika banda lake, juu ya sanduku la misumari, alitundika picha aliyoikata kwenye kalenda ya kampuni moja ya meli, akaitia fremu na kioo. Ilikuwa picha ya mto usio na haraka, nyumba ya zamani ukingoni, miti mikubwa, mawingu yaliyojaa mbingu nzima. Na katikati ya maji, gari la mbao la kukokotwa na farasi, limesimama. Mbwa yuko nchi kavu, analitazama. Mimi nilikuwa mtoto wa shule, na gari lile lilinitia wasiwasi kila nilipotumwa kuleta chai. Siku moja nikauliza: "Mjomba, hawa wamekwama?"

Hakuinua hata kichwa. "Hawajakwama. Mbao imekauka, wanainywesha."

Mjomba hakuwahi kufika Uingereza, wala hakujua jina la mchoraji. Alichojua ni mbao. Jahazi likilazwa ufukweni mwezi mzima wa jua kali, mbao husinyaa, maungio yakafunguka, na siku ya kulirudisha baharini huvuja kama tenga. Ukiliacha majini, mbao hunywa, hunenepa, huziba zenyewe. Miaka mingi baadaye nikasoma maelezo ya wajuzi wa sanaa, nikacheka peke yangu. Wanasema gurudumu la gari la shamba lilikuwa la mbao, limevishwa pete ya chuma. Kiangazi mbao husinyaa, pete ikalegea, hivyo dereva aliingiza gari kwenye maji mafupi, akawaburudisha farasi na kuyanywesha magurudumu kwa mpigo mmoja. Wako wanaosema gari linavuka tu, linakwenda zake shambani. Mimi nimesimama upande wa mjomba.

Picha hiyo inaitwa The Hay Wain, yaani gari la kubebea majani makavu. Aliichora John Constable, akaionyesha London mwaka 1821. Waingereza wameibandika kila mahali: kwenye masinia, kwenye mikebe ya biskuti, kwenye kuta za vyumba vya kusubiria daktari wa meno. Ukimuuliza mtu anaona nini, atakwambia utulivu, mashambani, mapumziko. Na hapo ndipo ninapotaka kubishana naye jioni ya leo. Ile si picha ya mapumziko, ni picha ya mahali pa kazi. Aliyeichora alisimama uani kwa baba yake, penye biashara ya ukoo.

Mto huo ni Stour. Ndio mpaka kati ya Suffolk na kaunti jirani ya Essex. Constable alizaliwa mwaka 1776 katika kijiji cha East Bergholt, upande wa Suffolk, mtoto wa Golding Constable, mtu mwenye uwezo. Golding alikuwa na kinu cha maji pale Flatford na kingine Dedham, akawa pia na kinu cha upepo juu kijijini.

Nisimame kidogo kwenye neno hili, kinu. Kwetu kinu cha kwanza ni kile cha nyumbani, chenye mchi. Kisha tukakipanua: kinu cha kushindikia mafuta ya ufuta, kile kilichozungushwa na ngamia huko Unguja, kinu cha miwa, kinu cha upepo. Ila tukifika kwenye unga wa mahindi tunaliacha neno na kusema tu "nakwenda mashine". Kinu cha Flatford kilikuwa mashine kwa maana hiyo hasa. Mto unazuiwa kwa tuta, maji yanapanda, yanafunguliwa kwa mlango mwembamba, yanasukuma gurudumu kubwa. Gurudumu linazungusha meno ya mbao, na meno yanazungusha jiwe. Ukiwahi kuona kijaa cha bibi, mawe mawili yaliyolaliana na tundu la kumiminia nafaka katikati, umeelewa kila kitu. Jiwe la chini halitikisiki, la juu huzunguka. Nyuso zake zimechongwa mifereji, na mifereji ikifa makali, jiwe huinuliwa, fundi akakaa na patasi yake kuinoa upya. Mawe yaliyosifiwa kuliko yote kwa unga mweupe yalitoka Ufaransa.

Vinu vya namna hii havikuwa jambo la jana. Mwaka 1086, mali yote ya nchi ilipoandikwa kwa amri ya mfalme mgeni aliyeiteka Uingereza, katika kitabu kinachoitwa Domesday, makarani walihesabu vinu zaidi ya 5,000, na kinu kilitozwa kodi kama shamba. Karibu kila mto mdogo wa Suffolk ulikuwa na chake. Ndiyo maana picha za kale za kaunti ile, ziwe za brashi, za kuchongwa kwenye bamba la shaba au za kamera, zinarudia mambo yale yale matatu: mto, daraja, kinu. Wachoraji hawakuwa wavivu wa kubuni. Penye kinu pana tuta, penye tuta watu huvuka, na penye watu kuvuka pataota daraja.

Sasa, mtoto John alitakiwa arithi kazi. Kaka yake mkubwa alikuwa na maradhi, kwa hiyo macho yote yakamwangukia yeye. Akawekwa kinuni, akatumika kwa muda wa mwaka hivi. Upo ubao wa kinu cha upepo ambao aliuchonga umbo la kinu kwa kisu, na jina lake, na mwaka, 1792. Alikuwa na miaka 16. Lakini moyo ulikuwa kwenye rangi, na mwaka 1799 baba akamwachia aende London kusomea uchoraji Royal Academy. Kinu kikachukuliwa na mdogo wake, Abram. Abram huyu ndiye niliyempenda katika hadithi nzima. Alikuwa mtu wa hesabu na magunia, na sifa aliyompa kaka yake ilikuwa moja tu: vinu alivyochora John vingeweza kuzunguka kweli, jambo asiloliona kila mara kwa wachoraji wengine.

Mwaka ule mmoja wa kinu cha upepo haukupotea. Mtu wa kinu cha upepo huishi akitazama juu kama nahodha. Wingu likigeuka na yeye ageuze mapanga, la sivyo kinu kinavunjika. Constable alipokuwa mtu mzima alipanda vilima vya Hampstead, nje ya London, akachora mawingu matupu, picha baada ya picha, na nyuma yake akaandika saa na upepo unavumia wapi. Nahodha yeyote wa Lamu angeyasoma maandishi yale bila mkalimani.

Turudi mtoni, maana mto wenyewe ndio wenye mambo. Stour haukuwa mto wa asili tu. Sheria ya Bunge ya mwaka 1705 iliuruhusu utengenezwe ili vyombo vipite, kuanzia mji wa Sudbury mpaka maji ya chumvi, mwendo wa kilomita karibu 40. Penye tuta la kinu chombo hakiwezi kupita, kwa hiyo pakajengwa chumba cha maji chenye milango miwili. Chombo kinaingia, mlango wa nyuma unafungwa, maji yanapunguzwa au kuongezwa mpaka yalingane na upande wa pili, kisha mlango wa mbele unafunguliwa. Ni ngazi, ila unaipanda ukiwa ndani ya chombo.

Vyombo vyenyewe vilikuwa matishari, yenye matumbo mapana na yasiyo na tanga, yakienda mawili mawili yamefungwa mnyororo, moja nyuma ya jingine. Yaliteremka na unga, nafaka na matofali. Yakapanda na makaa ya mawe na samadi. Unga wa Golding ulifika hivyo Mistley, kwenye mlango wa mto, ukapakiwa katika meli yake mwenyewe, ukaenda kuliwa London. Kwa hiyo yule mzee hakuwa mkulima mwenye kigurudumu. Alikuwa na shamba, kinu, matishari, gati na meli. Mnyororo mzima wa mkate ulikuwa mkononi mwake.

Na aliyekokota matishari ni farasi, akitembea ukingoni kwa kamba ndefu. Hapa pana jambo linalonifurahisha kila nikilisimulia. Ukingo ule ulikuwa wa watu mbalimbali, na kila mwenye malisho aliweka kizuizi ili ng'ombe wake wasihamie kwa jirani. Malango hayakuwepo. Basi farasi wa matishari walifundishwa kuruka. Farasi mnene wa kazi, mwenye kwato kama sahani, anafika kwenye boriti yenye kimo cha karibu mita moja, anairuka, anaendelea kuvuta. Constable alimchora mmoja akiwa hewani, na picha hiyo, The Leaping Horse, ikaonyeshwa mwaka 1825. Wasiojua huiona kama picha ya shujaa wa vitani. Kumbe ni mbeba mizigo yuko zamu.

Kisha njia ya kamba haikukaa upande mmoja. Mahali pengine ukingo wa kushoto unakwisha, lazima uhamie kulia, na daraja hakuna. Farasi anaingizwa tisharini, anavushwa kwa upondo, anateremshwa ng'ambo, anafungwa tena kamba. Picha The White Horse ya mwaka 1819 inaonyesha hilo tu: farasi mweupe amesimama ndani ya chombo, anavushwa, kama abiria wa pantoni ya Kigamboni. Rafiki yake mchungaji wa kanisa, John Fisher, aliinunua kwa gini 100, fedha za kutosha kumpa mchoraji yule moyo wa kuendelea na turubai kubwa kubwa za futi sita.

Ipo picha nyingine, ndogo, ambayo ningempelekea mjomba kabla ya zote. Inaitwa Boat-building near Flatford Mill, iko katika jumba la Victoria and Albert London, na Constable aliichora huko huko nje, mbele ya kitu chenyewe, jambo ambalo wachoraji wengi wa wakati ule hawakulifanya. Ni gudi ya baba yake. Tishari jipya liko juu ya magogo ndani ya shimo, mbavu na ubavu vinaonekana, zana zimetawanyika chini, moto unawaka. Shimo lile ni ujanja mtupu: limechimbwa kandokando ya mto, na kazi ikiisha maji yanaingizwa, chombo kinaelea chenyewe, hakuna haja ya watu arobaini kuvuta na kuimba.

Niliipata nakala yake, nikampelekea. Tayari alikuwa mzee, mikono inatetemeka, ameacha tezo. Aliitazama muda mrefu, akaniuliza wanakalafati kwa nini, pamba au kitu gani. Nikamwambia kwa nyuzi za kamba kuukuu na lami. Akaguna. Hawana deheni, hawana mafuta ya papa? Hawana, mjomba. "Basi kitavuja," akasema, na kwa hilo hakuna aliyeweza kumbishia.

Sasa msikilizaji, nisije nikakupamba kwa farasi warukao ukadhani Suffolk ilikuwa pepo. Vita na Napoleon viliisha mwaka 1815. Wakati wa vita ngano ilipanda bei, wenye mashamba na wenye vinu wakanenepa. Vita vilipokwisha, Bunge lililojaa wenye ardhi likapitisha sheria mwaka huo huo kwamba ngano ya kigeni isiuzwe nchini mpaka ya ndani ifike shilingi 80 kwa kipimo chao cha kota. Bei ya mkate ikashikiliwa juu kwa makusudi. Askari wakarudi, kazi hakuna, ujira ukashuka, na mashine za kupura nafaka zikaja kuchukua kazi ya majira ya baridi, ambayo ndiyo iliyomlisha kibarua. Mwaka 1816 kukawa na ghasia za mkate mashariki yote ya nchi. Mwaka 1822 zikarudi: mashine zikavunjwa, mazizi na marundo ya nafaka yakachomwa moto.

Mwaka 1822! Yaani mwaka mmoja tu baada ya lile gari kuonyeshwa London. Aprili ya mwaka huo Constable alimwandikia rafiki yake Fisher kwamba ndugu yake huko Suffolk hana raha, haupiti usiku asioona moto, karibu au mbali. Alijua. Ila kwenye picha zake hakuna moto, hakuna mwenye njaa, na vibarua wamewekwa mbali, vidoa vyeupe kwenye upeo wa shamba. Wachambuzi wa miaka ya karibuni wamemlaumu kwa hilo, nami sioni kama wamemwonea. Alikuwa mtoto wa mwenye kinu. Alichora kazi kama inavyoonekana kutoka dirisha la mwenye kinu: boriti iliyooza, maji yanayotiririka langoni, farasi, kamba, vyote kwa usahihi wa kushangaza. Nguzo yenye utelezi aliipenda na kuikaribia. Kibarua alimtazama kwa mbali.

Na ukitaka kuiona kazi bila mchoraji kukuchagulia mahali pa kusimama, nenda kwenye vitu vyenyewe. Magharibi mwa Suffolk kuna kijiji cha Moulton, na hapo daraja la mawe la karne ya 15, la matao manne, jembamba, limepanda na kushuka kama mgongo wa ngamia. Mgeni hujiuliza kwa nini kuta zake za pembeni ni fupi, kana kwamba wajenzi waliishiwa na mawe. Mtu wa Lamu hahitaji kuuliza. Daraja hilo ni la farasi wa mizigo, na farasi amebeba shogi huku na huku. Ukuta ukiwa mrefu, shogi zinakwama. Mto uliokuwa chini ya matao hayo sasa ni kijito ambacho mtoto anakivuka bila kuvua viatu, kikiwa na maji.

Au nenda Woodbridge, mji mdogo kwenye mto Deben, karibu na bahari. Hapo kuna kinu ambacho, kusema kweli, kimenipa wivu kwa niaba ya pwani yetu. Hakitumii mkondo wa mto, kinatumia maji kujaa na maji kupwa. Bahari ikijaa, maji yanaingia bwawani kwa milango inayojifunga yenyewe. Bahari ikipwa, bwawa limebaki juu na mto umeshuka. Mwenye kinu anafungua, gurudumu linazunguka, anasaga saa chache mpaka maji yanaisha. Habari za kinu mahali pale zinapatikana tangu mwaka 1170, ingawa jengo la sasa ni la mwaka 1793. Fikiria maisha ya mtu yule. Maji hayafuati saa ya ukutani, kila siku yanachelewa kwa dakika kama 50, kwa hiyo leo anaamka alfajiri, wiki ijayo anasaga usiku wa manane kwa taa. Ni ratiba ya mvuvi wa Kizimkazi, ila yeye anarudi nyumbani na unga badala ya changu. Kinu hicho kiliendelea kufanya kazi ya biashara mpaka mwaka 1957, mhimili mkuu ulipovunjika. Wakati huo kilikuwa cha mwisho cha aina yake nchini. Bwawa lake kubwa likageuzwa maegesho ya mashua za starehe. Baadaye wenyeji walikitengeneza, kikachimbiwa bwawa dogo, na leo kinasaga tena, kiasi cha kuwauzia wageni mifuko ya unga.

Mto Stour haukupata bahati ya kurudia kazi. Reli ilifika Sudbury mwaka 1849, na gari moshi halihitaji kufundishwa kuruka boriti. Matishari yakapungua, vyumba vya maji vikaoza, na Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza baadhi ya matishari yalizamishwa karibu na Sudbury yalale matopeni. Kinu cha Flatford bado kimesimama, kimehifadhiwa na chama cha National Trust, na ndani yake wanafunzi huja kujifunza ndege na mimea. Wageni husimama ukingoni na simu zao, wanapanga nyumba, maji na miti vikae kama kwenye sinia. Wengi hutafuta kinu ndani ya The Hay Wain, hawakioni. Hakimo. Ukisimama mahali pa mchoraji, kinu kiko nyuma ya mgongo wako.

Tena hakuichorea pale. Aliichorea London, majira ya baridi, kwa michoro midogo aliyoiweka miaka mingi. Alipofika kwenye gari akashikwa na shaka, hakukumbuka limeungwaje, akamwomba Abram. Mwezi wa Februari 1821, katika baridi kali, kijana mmoja wa kijijini alitumwa kwenda kuchora gari halisi, na mchoro ukatumwa mjini. London hawakuinunua. Ikauzwa pamoja na nyingine kwa mfanyabiashara wa Kifaransa, ikaonyeshwa Paris mwaka 1824, na mfalme wa Ufaransa akaitunukia nishani ya dhahabu. Leo iko National Gallery, London, upana wake karibu sentimita 185.

Ile ya mjomba ilikuwa upana wa kiganja na nusu. Mara ya mwisho nilipomtembelea tulikaa chini yake tukinywa kahawa, nikamwonyesha kwa ncha ya kalamu ile sehemu ya kulia, mbali kabisa, nyuma ya mto, ambako jua limeangukia shamba. Kuna gari jingine huko, linapakiwa majani, na watu wamelizunguka. Alikuwa ameitazama picha hiyo zaidi ya miaka 30. Akainuka, akavaa miwani, akasogea mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo.

"Kumbe kuna watu," akasema.